Betri ya Chini ya Kitanda

Betri ilimpasukia mtani wangu usoni saa nne ya asubuhi, na watu kumi na wawili waliokuwa uani wakacheka. Niliwahesabu baadaye, mmoja mmoja, kwa mahali alipokuwa ameketi. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao, fundi wa matairi, alilia kwa kwikwi alipotambua kitu alichokuwa anakicheka. Lakini wakati ule mtani wangu alikuwa amelala chali mchangani, viganja vimebana uso, asidi inamla ngozi, nami nimemkalia kifuani nikimpiga ngumi mikononi ili aondoe viganja machoni. Alinitia kiwiko mdomoni. Jino langu moja la mbele lilitoka pale pale, na la pili likabaki limelegea mpaka jioni nilipoling'oa mwenyewe kwa koleo. Aliyekuwa anakunywa uji hakuweka kikombe chini.

Nianze na gari, maana yote yalitoka humo.

Lilikuwa lori la bwana mmoja Mzungu, mpimaji, aliyezunguka mapori ya magharibi kutafuta mahali penye mbung'o. Mgongoni mwa lori walikuwa wamejenga chumba cha mbao chenye kitanda, meza ya kukunja, beseni, taa mbili, feni ndogo na redio. Vijijini waliliita nyumba inayotembea. Chini ya kitanda zilifungwa betri mbili kubwa, mbali na ile ya injini. Lori likitembea, dinamo ilizijaza zote tatu. Likisimama porini siku mbili au tatu, zile mbili ndizo zilizowasha taa za bwana na kuzungusha feni yake. Zikiisha, bwana alikaa gizani na joto, na hapo dereva alipata taabu.

Mimi nilikuwa fundi wa betri katika gereji ya tajiri mmoja wa Kihindi, upande wa stesheni ya Tabora. Kazi hiyo nilijifunza jeshini, wakati wa vita, nikichaji betri za redio. Niliporudi nyumbani Itetemia sikutaka tena jembe. Tajiri alinipa kibanda cha mabati uani, mashine ya kuchajia iliyoendeshwa kwa injini ya petroli, na meza ambayo asidi ilikuwa imeitafuna pembe zote. Shati zangu zote zilikuwa matundu matupu. Mke wangu alikuwa ananishonea aproni za gunia, na hata hizo zilidumu miezi miwili. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia havina alama za ngozi mpaka leo. Ni laini kama ganda la yai.

Maji ya betri hatukuyanunua. Mvua zilipoanza niliziacha mvua tatu za kwanza zioshe mabati, kisha nikakinga maji ya mvua ya nne na zilizofuata. Niliyaweka katika chupa kubwa za kioo zilizokuja na asidi, nilizozisuuza kwa magadi. Maji ya kisima cha kwetu yana chumvi, na chumvi huua betri polepole bila mtu kujua kwa nini. Chupa tisa zilitakiwa zitufikishe kwenye mvua nyingine. Hakuna aliyeruhusiwa kunywa hata tone, kiangazi kiwe kikali namna gani.

Dereva wa lori lile alikuwa Mzaramo, na mimi Mnyamwezi. Asiyekulia kwenye njia ya zamani ya misafara huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Babu zetu walibeba meno ya tembo kutoka hapa hadi Bagamoyo, wakakaa pwani miezi mingi, wakagombana na Wazaramo, wakauguzana nao, wakazikana nao. Kutoka hapo tukawa watani. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kumtukana marehemu wako siku ya msiba, na siku hiyo hiyo ndiye anayeshika sepetu ya kaburi.

Sisi wawili tuliufuata utani huo kwa bidii. Lori likiingia uani tu, kabla hajazima injini vizuri, yeye alianza.

"Mpagazi," aliniita. "Njoo upokee mzigo. Babu yako aliuacha Bagamoyo, nimeuleta."

"Nauona," nilimjibu. "Umekaa kwenye usukani na una masharubu."

Kisha tulikamatana. Alikuwa mrefu kuliko mimi, ila alikuwa mlaini, mtu wa kukaa kwenye kiti. Mara nyingi nilimwangusha mimi. Nikishamkalia kifuani nilipaza sauti: "Leteni maji, mtani anakufa." Na watu wa uani walijibu kwa pamoja: "Mwache afe, koti lake zuri." Ilikuwa hivyo kila lori lilipokuja, na wateja wengine walisogeza viti ili waone vizuri.

Mara moja, kiangazi kilipokuwa kimekolea, bwana alikuja pamoja naye, amekasirika. "Taa kufa kila siku," aliniambia. "Saa mbili, kufa. Wewe fundi gani?"

Nilifanya kazi kwa utaratibu niliofundishwa. Nilizitoa betri zote mbili. Nilitazama makasha kama yana ufa, nikakwangua vichwa vyake vilivyoota unga mweupe, nikafungua vizibo na kuongeza maji. Nilivuta asidi kwa kipimo, kile kichupa chembamba chenye mpira kichwani, na kielea kikaonyesha hazijafika hata nusu. Nilizichaji kibandani siku mbili. Zilijaa, na zikakaa zimejaa. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa kwenye betri. Ulikuwa kwenye gari. Mkanda wa feni ya injini, ule unaozungusha dinamo, ulikuwa umekaza. Dinamo yenyewe, nilipoipima mdomoni pake, ilikuwa nzima.

Baada ya hapo nilitakiwa kuufuata umeme hatua kwa hatua, kutoka dinamo mpaka kitandani, kila waya na kila kiungo. Kiungo cha mwisho kilikuwa bolti moja iliyofunga waya wa betri kwenye chuma cha gari, chini ya sakafu ya kile chumba, ndani ya matope na oili. Kuifikia ilikuwa lazima nilale chini ya lori. Bwana alikuwa amesimama na saa mkononi. Sikulala. Nilifungua kisanduku cheusi cha katauti, kile kinachoamua dinamo itoe umeme kiasi gani, nikakaza springi yake nusu mzunguko. Sindano ya kipimo cha umeme ikapanda. Bwana akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na mimi nikaona nimeshinda.

Kabla hawajaondoka nilimwambia mtani wangu maneno niliyowaambia madereva wote: kila wiki kwangua viungo vya waya, kimoja kimoja, mpaka ving'ae.

Alinitii. Hilo ndilo linaloniuma. Bolti ile ilikuwa na kutu, na kutu ndiyo iliyokuwa inazuia umeme usifike kwenye betri. Mimi niliusukuma umeme kwa nguvu upite juu ya kutu. Wiki moja baadaye yeye akalala kwenye matope nilikokataa kulala mimi, akaikwangua bolti ikawa kama mpya. Hakukuwa tena na cha kuuzuia umeme, na dinamo iliendelea kusukuma kama nilivyoiacha. Betri za chini ya kitanda zikaanza kuchemka.

Walirudi baada ya wiki sita. Kiangazi kilikuwa kimefika mwisho wake, pipa la uani lilikuwa kavu, na kwenye rafu yangu zilibaki chupa nne za maji ya mvua. Bwana alishukia njiani kwenye ofisi, hivyo mtani wangu aliliingiza lori peke yake. Mara aliposimamisha nilisikia harufu ya mayai mabovu.

Alishuka polepole, tofauti na desturi yake. Nilimshika bega ili tuanze, akakunja uso.

"Leo usiniguse mgongo, mpagazi."

Aliinua shati. Mgongo wote ulikuwa na michirizi mipana iliyovimba, mingine imepasuka na kukauka. Alisema walikuwa njiani upande wa Kigwa, barabara yenye matuta mfululizo, na asidi ilikuwa inaruka kutoka kwenye matundu ya vizibo. Ilitoboa godoro na shuka, na bwana alipolala ikamuunguza paja. Asubuhi bwana alichukua mkanda wa feni wa akiba, akampiga nao mbele ya wabeba vifaa. Alihesabu kwa Kiingereza, na mtani wangu, ambaye hakujua Kiingereza, hakujua ataishia ngapi.

"Mkanda ni wa injini," nilimwambia. "Ameufunga mahali pasipo pake." Watu wakacheka, naye akacheka. Ndivyo tulivyozoea kusaidiana.

"Lakini nimeshamaliza mambo," alisema. "Fundi ni mimi sasa, wewe rudi ukalime. Haitemi tena."

"Umefanya nini?"

"Nta. Nilinunua bonge kwa warina asali. Nimeziba kila tundu."

Vizibo vya betri vina matundu madogo kwa sababu maalumu. Betri inapochajiwa hutoa gesi, na gesi ile huwaka kuliko petroli. Ikikosa pa kutokea hujikusanya ndani ya kasha. Ile yake ilikuwa imechemshwa njia nzima huku imezibwa midomo. Niliyajua hayo yote na niliyaelewa mara aliposema nta, lakini yeye alikuwa ameshapanda chumbani, ameshainua godoro, na amechukua spana.

Madereva wa Tabora walikuwa na mazoea ya kuilaza spana juu ya vichwa viwili vya betri kwa pamoja ili cheche iruke. Cheche kubwa, betri ina nguvu. Kwangu kibandani nilipiga marufuku. Huko barabarani walifanya kila siku.

"Tazama, mpagazi," alisema, akainama ili na yeye aione.

Mlio ulikuwa kama wa bunduki ndani ya debe. Mbao ya kitanda ilipaa ikagonga dari. Kipande cha kasha kilipita karibu na shingo yangu kikaingia kwenye ukuta wa udongo wa jirani, na hakikutoka mpaka walipouchimba. Yeye alitoka kwa mlango wa nyuma kinyumenyume, akaanguka, akaviringika. Nilimrukia.

Asidi machoni ina dawa moja, maji, na yawahi. Mtu akibana macho anaifungia humo humo. Nilimkalia kifuani nikavuta viganja vyake. Alikuwa na nguvu ambazo sikupata kuziona kwake. Nilimpiga kwenye mifupa ya mikono, nikamuuma kidole gumba, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote: "Leteni maji, mtani anakufa."

"Mwache afe," walijibu, "koti lake zuri."

Nilirudia. Walijibu tena, kwa furaha zaidi. Kuhusu mlio, waliniambia baadaye, walidhani ni tairi. Kwenye gereji yetu tairi zilipasuka mara kwa mara. Nilitukana mama zao. Hata hilo lilikuwa ndani ya utani. Damu ya mdomo wangu ilikuwa inamdondokea usoni, na mmoja akasema leo mpagazi amepatikana.

Mtu pekee asiyecheka alikuwa tajiri. Miaka yote aliutazama utani wetu kwa wasiwasi, kama mtu anayetazama mbwa wawili wa watu wengine. Alitoka dukani na chuma cha kubandulia matairi, akaamini namuua mtu, akanipiga nacho mbavuni. Nilisikia ubavu ukivunjika. Alikiinua mara ya pili, na hapo ndipo akauona uso wa mtani wangu, ngozi yake imeanza kuwa nyeupe na kukunjamana kama maziwa yaliyochemka.

"Acidi?" aliuliza.

"Maji ya mvua," nilimwambia. "Yote."

Alikimbia. Alikuwa mzee mwenye kitambi na alikimbia. Alileta chupa mbili, akarudi kwa mbili nyingine, akamimina mwenyewe, huku mimi nimepiga magoti juu ya mikono ya mtani wangu na kumfungua kope kwa vidole. Alipiga yowe lililowafanya watu wote waache kucheka. Fundi wa matairi alikuja na bakuli la maji ya magadi, kwa kuwa alikuwa ameniona nikisafishia asidi sakafuni. Machoni magadi nayo huunguza, nikalipiga teke likamwagika. Tulimimina mpaka chupa ya nne ikawa tupu. Kati ya mlio na maji ya kwanza, kwa hesabu yangu, zilipita dakika nne. Tajiri alisema tano.

Hospitalini daktari alimchunguza, akamfunga kitambaa kichwa kizima, akasema na dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, kwa Kiingereza. Dresa akanitafsiria mlangoni.

"La kushoto limekwisha. La kulia tungoje."

"Mpaka lini?"

"Mpaka litakapotaka."

Nilienda kumwona kila jioni baada ya kazi. Alikuwa na mke na watoto watatu pwani, na hakuwa na kazi nyingine duniani zaidi ya usukani.

"Jicho moja linatosha," aliniambia. "La pili ni la kutazama wanawake. Kipofu kabisa ndiye asiyepewa gari."

"Hata ukiwa na matatu, wewe unaendesha kama mlevi."

"Mbona unasema kwa kithembe?"

"Umenitoa jino."

"Basi tumelipana," alisema. Kisha akauliza, "Wale watu walicheka kweli, au nilisikia vibaya?"

Nilimwambia walicheka.

"Na mimi ningecheka," alisema.

Sikumwambia habari ya springi. Nilienda nikiwa nimeazimia, siku tatu mfululizo, na kila mara alianza utani kabla sijaketi.

Lori nililitengeneza. Safari hii nililala chini yake, ubavu ukiuma, nikaikuta bolti inang'aa. Nililegeza springi nikairudisha mahali pake, nikafunga betri mpya, nikatoboa tundu sakafuni ili gesi ipate njia. Chini ya kiti cha dereva niliukuta ule mkanda wa akiba. Niliukata kwa msumeno wa chuma vipande sita, nikavipanga juu ya kiti.

Bwana alipokuja kulichukua aliviona. Alikishika kimoja, akakitazama pande zote mbili.

"Nani kata hii?"

"Mimi, bwana. Na katauti niliikaza mimi. Asidi iliruka kwa sababu yangu. Dereva hakuwa na kosa."

Alinipiga ngumi ya sikio. Nilianguka kwenye ngazi ya lori na ubavu ukanitoa machozi. Nikiwa chini niliona viatu vyake havisogei.

"Jicho yake?" aliuliza.

"Hatujui bado."

Alipanda, akaondoka akiendesha mwenyewe. Siku mbili baadaye ililetwa hospitalini barua ya kumwachisha mtani wangu kazi, pamoja na tikiti ya treni ya kurudi pwani.

Kitambaa kilifunguliwa asubuhi ya siku ya safari. Sikuwepo, tajiri alinihitaji. Nilipofika hospitalini wodi ilikuwa tupu, na dresa akaniambia, "Anaona mwanga. Zaidi ya hapo hasemi. Daktari alimuuliza ameinua vidole vingapi, akamjibu, 'Vyote vichafu.'"

Nilikimbilia stesheni. Alikuwa tayari ndani ya behewa la daraja la tatu, kwenye kiti cha dirishani, kitambaa kimebaki upande wa kushoto tu. Jicho la kulia lilikuwa wazi, jekundu, lenye ukungu katikati. Kaka yake, aliyekuja kumchukua, alikuwa anapanga mizigo. Watu wa uani walikuwa wamefika karibu wote. Fundi wa matairi alikuwa amemletea asali.

"Mtani," nilisema.

Aligeukia sauti yangu. "Pengo hilo linakupendeza," alisema. "Sasa mkeo atakujua hata gizani, kwa kithembe chako."

Watu wakacheka, kwa woga kwanza, kisha kweli. Lakini habari ya pengo nilikuwa nimempa mimi mwenyewe hospitalini; si lazima awe ameliona.

Filimbi ikapulizwa. Nilisogea mpaka kwenye dirisha nikamweleza, kwa haraka, bila mpangilio, springi na bolti na saa ya bwana. Sijui alisikia kiasi gani. Injini ilikuwa inatoa mvuke. Uso wake haukubadilika. Nikanyoosha mkono wangu kupitia dirishani, shibiri moja kutoka kwenye jicho lake, nikauacha pale bila kusema neno.

Hakuushika. Kaka yake alikuwa ameinama chini ya kiti na hakuona kitu. Treni ilianza kwenda, nami nilitembea nayo jukwaani, mkono ukiwa ndani, mpaka jukwaa likaisha. Watani hunyimana mkono. Alikwisha kuninyima mara nyingi, tena mbele ya watu. Na wakati mwingine mtu hashiki mkono kwa sababu hauoni. Uso wake ulikuwa umeelekea kwangu wakati wote, na alikuwa anatabasamu.